Maji Yetu Yanaanzia Wapi: Safari Tatu za Karuru

Naomba wiki hii niwasimulie habari ya maporomoko ya maji yaliyo mlimani, mbali sana na kwetu. Nimeyaendea mara tatu, katika majira matatu tofauti. Najua baadhi yenu mtauliza: mtu wa Kilelengwani ana haja gani na maporomoko? Haja ipo, na mwishoni mwa makala haya mtaona kwamba ni haja ya aibu kidogo kwa aliyeandika.

Kwetu hakuna mlima. Mtu akipanda juu ya kichuguu huwaona ng'ombe wa jirani mpaka upeo wa macho. Mto Tana unapotufikia umekwisha kuchoka; hutembea taratibu, una rangi ya chai ya maziwa, ukielekea Kipini na Ghuba ya Ungwana. Hata mlango ule wa Kipini, wazee wametusimulia, haukuwa njia yake ya asili: katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na mto ukaufuata mfereji, ukaiacha njia yake ya kale. Tangu hapo maisha yetu yote yamepimwa kwa maji hayo. Yakipungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini hadi kwenye mashamba ya Ozi, yakaharibu mpunga na miembe. Yakizidi, huingia majumbani. Mkulima huyataka kando ya shamba lake, na mfugaji huyataka mwisho wa malka yake, yaani ile njia ya kuteremshia ng'ombe mtoni. Na aghalabu shamba na malka hukutana mahali pamoja.

Nilikuwa na sahibu yangu mfugaji. Tulisoma chuo kimoja tukiwa watoto, mbele ya mwalimu mmoja, na kwa muda tulishirikiana ubao mmoja kwa sababu wa kwake ulikuwa umepasuka. Yeye alirudi kwa ng'ombe wa babake, mimi nikaendelea na elimu ya dini hadi nikakabidhiwa mimbari. Mwanzoni mwa mwaka 2012, wakati wa kiangazi, ng'ombe wake waliingia katika shamba langu la mpunga usiku. Alikuja asubuhi kuniomba radhi na kuniahidi fidia. Sikumpokea vyema. Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari nikahutubu juu ya watu wanaolisha mifugo yao jasho la wenzao, na nikasema mtu wa namna hiyo sala yake inatia shaka. Sikumtaja jina. Hapakuwa na haja ya kumtaja. Msikiti mzima uligeuka kumtazama. Tangu siku hiyo hakuingia tena katika msikiti ninaosalisha.

Miezi haikupita mingi, ikaja ile fitina ambayo kila mtu wa delta anaijua. Agosti 2012 damu ilimwagika Riketa, na tarehe 10 Septemba ikamwagika kwetu Kilelengwani, ambako watu wasiopungua 38 waliuawa, wakiwemo wanawake, watoto na askari polisi. Kabla mwaka haujaisha ikawa zamu ya Kipao. Sitaandika hapa nani alimvamia nani. Hilo limeandikwa na wengine, na kila upande una makaburi yake. Ninaloandika ni kwamba sahibu yangu alifiwa na mimi nilifiwa, na hakuna kati yetu aliyekwenda kwa mwenzake kutoa taazia. Nilijiambia kwamba khutba yangu haikuhusika na mauaji yale. Labda haikuhusika. Lakini usiku, mtu anapobaki peke yake na Mola wake, neno "labda" halimpi usingizi.

Miaka kumi na moja ikapita tukipeana salamu ya njiani tu, ile ya kuondoa lawama.

Sasa nije kwenye safari. Mwanzoni mwa 2023 ukame ulikuwa umetushika kwa misimu mitano mfululizo. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara ya Garsen. Siku moja, katika darsa ya baada ya alasiri, kijana mmoja aliniuliza, "Maalim, maji haya ya mto yanatoka wapi, na ni nani anayeyazuia?" Nikamjibu kwamba maji hutoka kwa Mwenyezi Mungu na ndiye ayazuiaye. Akasema kwa adabu, "Hilo tunaliamini, Maalim. Nauliza mahali." Wenzake wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Nami niligundua kwamba nimeishi zaidi ya nusu karne kwa maji ya mto ambao siwezi kumwonyesha mtoto unakoanzia.

Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya biashara Nyeri. Nilipompigia simu alicheka, akasema, "Njoo nikuonyeshe, Maalim. Lakini uje na sweta."

Safari ya kwanza ilikuwa Februari 2023, kaskazi ikivuma na jua likichoma. Nilipanda basi Garsen nikaufuata mto kinyumenyume: Hola, Garissa, kisha Mwingi na Thika, na kutoka hapo Murang'a hadi Nyeri. Asubuhi ya pili tulikodi gari la kupanda milima pamoja na kijana dereva wa pale, tukapita mashamba ya chai ya Tetu. Katika miteremko hiyo, kijijini Ihithe, ndiko alikozaliwa marehemu Profesa Wangari Maathai, yule mama aliyeanzisha harakati ya kupanda miti mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Nilikuwa nikilisikia jina lake redioni kama jina la mambo ya serikali na siasa. Sikujua kwamba miti aliyoipigania ina uhusiano na sufuria ya wali wa mke wangu.

Tuliingia Hifadhi ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, kwa lango la Kiandongoro. Barabara hupanda ndani ya msitu mnene, kisha mianzi iliyosongamana kama ukuta, kisha ghafla miti inakwisha na unatokea kwenye uwanda wa juu wenye nyasi za mafungumafungu na mimea ya ajabu inayofanana na kabichi iliyowekwa juu ya nguzo. Hapo mtu yuko mita zipatazo 3,000 juu ya bahari. Mimi niliyezaliwa karibu sawa na usawa wa bahari nilitembea hatua thelathini nikasimama kutafuta pumzi. Dereva akaniambia, "Mzee, huku hatukimbizani na mtu. Twende polepole."

Kutoka maegesho ya magari, njia ya miguu hadi Karuru si ndefu. Huteremka kwa ngazi na vijia vya mbao hadi kwenye majukwaa yaliyojengwa ukingoni mwa bonde ili watu watazame bila kuanguka. Maporomoko ya Karuru yana urefu wa mita 273, lakini maji hayashuki kwa mruko mmoja. Huanguka, hutua, huanguka kidogo, kisha huanguka tena kwa urefu mkubwa, mara tatu kwa jumla. Ng'ambo ya bonde yanaonekana maporomoko ya Gura yakimwagika kutoka ukuta wa pili. Mto Karuru huingia katika mto Gura, Gura huingia Sagana, na Sagana ndiyo Tana kabla haijaitwa Tana.

Nikiri kwamba Februari ile nilivunjika moyo. Nilitarajia kishindo, nikaona utepe mweupe mwembamba ukining'inia kwenye mwamba mweusi. Maji yalikuwa safi kupindukia. Mtu angehesabu mawe chini yake. Kaskazini mashariki, anga ikiwa wazi, ulionekana Mlima Kenya. Nikawaza: haya ndiyo yote? Kwa uzi huu tunauana?

Mwanafunzi wangu akaniambia niguse ardhi. Niliinama nikaukandamiza udongo mweusi chini ya nyasi; ukatoa maji kati ya vidole vyangu, ilhali mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Hapo nilifahamu. Mlima hauna kisima kikubwa kilichofichwa. Ukungu hugonga miti na mianzi, ukawa matone. Kuvu na nyasi huyapokea. Udongo huyanywa na kuyashika, kisha huyaachia kidogo kidogo mwaka mzima. Utepe ule mwembamba wa Februari ni mvua ya mwaka uliopita ambayo mlima umeiweka amana. Ndiyo maana wataalamu huihesabu Nyandarua miongoni mwa minara mitano mikuu ya maji nchini, pamoja na Mlima Kenya, Mau, Elgon na Cherangany. Msitu ukikatwa, amana hiyo haipo: mvua itashuka yote kwa siku tatu, kisha tutabaki na mchanga.

Nilirudi nikamjibu yule kijana swali lake. Nilimchorea ubaoni. Nikamweleza pia kuwa kati ya Karuru na Garissa kuna mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma lililokamilika 1968 hadi Kiambere la 1988, na kwamba Masinga, lililo kubwa kuliko yote, lilimalizika 1981. Wazee wetu husema kwamba zamani mto ulifurika kwa miadi, mara mbili kwa mwaka, ukaleta tope la rutuba, na mkulima alijua lini apande na mfugaji lini ahame. Mabwawa yamebadili miadi hiyo. Aidha, sehemu ya maji ya milima hiyo hupelekwa Nairobi kupitia bwawa la Ndakaini, ili watu wa mji mkuu wanywe. Sisemi haya ili kuwalaumu. Nao ni waja wa Mungu na wana kiu. Nasema ili ifahamike kwamba mtu mwenye ng'ombe arubaini pale kwetu, na mtu mwenye ekari mbili za mpunga, wote wawili wako mwisho wa foleni moja ndefu, wakishikana mashati.

Safari ya pili ilikuwa Novemba 2023, wakati wa vuli. Nilikuwa na shughuli ya familia Nairobi, nikasema nipande mara moja. Ndiyo vuli iliyokuja na El Nino. Gari letu lilikwama mara mbili kabla ya kufika uwandani, na mara ya pili tulilisukuma huku utelezi ukitufikia magotini. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuweza kumwona dereva aliyekuwa hatua kumi mbele yangu. Tulishuka zile ngazi tukishikilia reli, tukafika kwenye jukwaa, nikatazama. Hapakuwa na kitu ila weupe.

Lakini sauti! Ndugu zangu, ilikuwa ni ngurumo isiyokata. Mbao zilitetemeka chini ya viatu. Sikuona hata tone moja likianguka, na bado sijapata kuwa na yakini ya kitu kama nilivyokuwa na yakini ya maji yale. Ikaingia adhuhuri. Nilikuwa nimevaa viatu vya kufunika vifundo juu ya udhu, nikanufaika na ruhusa ya msafiri ya kupaka juu ya viatu siku tatu na nyakati zake za usiku. Hukumu hiyo nimeisomesha kwa zaidi ya miaka ishirini katika nchi ya joto, na wanafunzi wangu huikariri bila kuona faida yake. Siku ile, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, niliona huruma iliyomo ndani yake. Tulisali kwa kupunguza na kukusanya, tukielekea kaskazini, sauti ya maji ikiwa nyuma yetu.

Nikiwa bado Nyeri, simu ikaanza kulia. Barabara ya Garissa ilikuwa imekatwa na maji pale Mororo. Vijiji vya kwetu vilikuwa vikihama. Ngurumo niliyoisikia kule juu ilikuwa inateremka kwenda nyumbani kwangu, na mimi nimekaa karibu na jiko la makaa nikinywa chai ya watu. Nilirudi kwa njia ya Mombasa, nikafika siku nyingi baadaye.

Safari ya masika sikuifanya. Masika ya 2024 yalinifuata mwenyewe nyumbani. Kati ya Aprili na Mei mto ulipanda kuliko vuli, shamba langu lote likawa ziwa, na familia nyingi tukakimbilia ardhi iliyoinuka, tukatandika maturubai. Usiku wa pili kambini nilisikia kikohozi upande wa pili wa turubai langu, nikakitambua. Ni kikohozi nilichokijua tangu chuoni. Kati yangu na sahibu yangu palikuwa na kipande cha nailoni.

Asubuhi mke wake alileta maziwa kwa wajukuu wangu bila kusema neno. Mke wangu akapeleka unga. Wanawake walikuwa wamekwisha kusuluhishana kabla sisi wenye ndevu hatujaanza. Jioni nilikwenda kuketi karibu naye. Sikujua nianzie wapi, basi nikaanza na maji: nikamweleza utepe wa Februari na ngurumo ya Novemba. Alisikiliza mpaka mwisho, akachora kitu kwa fimbo mchangani, akasema, "Nipeleke, Maalim."

Safari ya tatu, kwa hiyo, ilikuwa ya watu wawili, Agosti 2024, wakati wa kipupwe. Tulikwenda kwa njia ile ile ya mto. Barabarani hakusema mengi, ila kila tulipovuka daraja aliuliza jina la mto. Nyeri ilikuwa na baridi ya kukata mifupa. Alijifunga kikoi chake juu ya suruali, akajitanda blanketi la mwenyeji wetu, na watoto wa mtaani wakamwita "guka", yaani babu kwa lugha yao. Alilipenda jina hilo.

Uwandani alitembea vizuri kuliko mimi. Mtu aliyeswaga ng'ombe maisha yake yote ana pumzi. Mahali fulani alisimama, akanionyesha kwa fimbo njia nyembamba iliyokanyagwa, inayoteremka kutoka kwenye nyasi hadi kijito. Dereva akasema hiyo ni njia ya nyati. Sahibu yangu akacheka kwa mara ya kwanza katika safari yote. "Hata nyati wana malka yao," alisema, "na huku hakuna mtu aliyewapandia mahindi juu yake." Nikataka kumjibu kwamba huku pia hakuna nyati aliyekula mpunga wa mtu. Nikanyamaza. Wakati mwingine elimu ya mtu ni kulijua jibu na kuliacha.

Tulipofika jukwaani ukungu ulikuwa umetanda, kisha ukafunguka polepole kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka. Maji hayakuwa utepe wala hayakuwa ngurumo. Yalikuwa ya kadiri, meupe, yakiruka mara tatu, na Gura ng'ambo ikionekana na kupotea. Alitazama kwa muda mrefu, mikono juu ya reli.

"Ndiyo haya?" aliuliza.

"Ndiyo haya, pamoja na mengine mengi kama haya."

"Na huku hayana mwenyewe?"

Nikamwambia kwamba katika vitabu vya fiqhi tulivyosoma, maji na malisho, pamoja na moto, ni katika mambo ambayo watu wameshirikishwa, na asiwanyime mtu wenzake ziada yake. Akanitazama. "Hilo ulilijua tangu zamani?" Nikasema nililijua. "Lakini mimbarini hukulisema."

Hapo, wasomaji wangu, nilikosa mahali pa kuficha uso. Nilimwambia yale ambayo ningepaswa kumwambia mwaka 2012: kwamba nilimdhulumu, kwamba alikuja kuniomba radhi nami nikamfedhehesha mbele za watu, kwamba nilitumia mahali pa Mtume kulipiza kisasi cha mpunga, na kwamba sikwenda kumfariji alipofiwa. Nikamwomba anisamehe.

Alikaa kimya. Kisha akasema, bila hasira, "Maalim, mpunga wako ng'ombe wangu waliula usiku, na mimi nilikuja kwako mchana. Wewe ulinisema mchana, mbele ya watu, na sasa unaniomba msamaha huku ambako hakuna anayesikia ila nyati. Mimi nimekwisha kukusamehe, tangu yale maturubai. Lakini ulilolisema mimbarini, kaliondoe mimbarini."

Nimewasomesha watu masharti ya toba mara nyingi: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa lina haki ya mja, kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe. Nilikuwa nikitoa mifano ya mkufu ulioibwa na deni lililokanwa. Sikuwahi kutoa mfano wa heshima ya mtu iliyovunjwa kwa kipaza sauti. Mfugaji asiyekaa darsani kwangu kwa miaka kumi na miwili alinifafanulia sharti la nne kuliko kitabu chochote.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi nilipanda mimbari ile ile. Nilihutubu juu ya ulimi, na katikati ya khutba nikasema wazi kwamba mwaka 2012 niliyatamka maneno ya dhulma mahali hapa dhidi ya ndugu yetu, kwamba sala ya mtu haijui ila Mola wake, na kwamba nayaondoa maneno yale na kuomba msamaha kwake na kwa jamaa waliosikia. Goti langu la kulia lilitetemeka, nikashikilia fimbo. Baadhi ya vijana hawakuelewa ninazungumzia nini; walikuwa watoto wakati huo. Wazee walielewa.

Sikumwona ndani. Baada ya sala nilimkuta nje chini ya mwembe, ameketi na wenzake wawili. Alikuwa amesikia kwa kipaza sauti. Hakuinuka kunikumbatia, wala sikutarajia. Alinisogezea nafasi kwenye mkeka. Ijumaa iliyofuata aliingia, akakaa safu ya tatu, mahali pake pa zamani.

Kwa idhini yake naandika haya, na kwa ombi lake simtaji jina. Sitaki mtu adhani kwamba mambo yote yamenyooka. Suala la malka bado lipo. Kiangazi kilichofuata ng'ombe, si wa kwake, waliingia tena katika mashamba, na maneno makali yakatoka. Tofauti ni kwamba safari hii tulikwenda wawili kuyasikiliza, mimi kwa wakulima na yeye kwa wafugaji, kisha tukabadilishana. Delta yetu iliingizwa mwaka ule ule wa 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima, hekta 163,600. Ulimwengu umetambua thamani ya mahali petu katika mwaka ambao sisi wenyewe tulikuwa tukizikana hapo. Hilo litoshe kuwa onyo.

Kwa atakayependa kwenda Karuru na familia yake, namuusia haya. Aende Januari au Februari akitaka kuona mbali na kupita barabara bila kukwama. Maji yatakuwa machache, asivunjike moyo, aiguse ardhi. Katika mvua asiende bila gari madhubuti na dereva mwenyeji. Kipupwe aende na nguo nzito, na awe na subira na ukungu. Alipe ada ya kiingilio kabla ya safari, atii maneno ya askari wa hifadhi, kwani tembo na nyati wamo, na asiache hata karatasi moja ya peremende, maana itateremka.

Nami namuusia jambo moja zaidi, hata kama hatakwenda popote. Akumbuke mahali alipolitamka neno lake, na ni nani waliokuwepo wakisikia. Kama kuna la kuondoa, aliondoe hapo hapo, kabla mmoja wao hajawa wa kuombewa dua tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atunusuru na kiangazi kikavu na masika ya mafuriko, awarehemu waliotutangulia wa pande zote, na aziunganishe nyoyo zetu kama alivyoiunganisha mito ile hadi ikawa mto mmoja. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.